Kompyuta ya nyumbani: mnaizima kila mkimaliza, au mnaiacha inawaka mwaka mzima?

#1 Kalamu7
Salaam wakuu. Nina kompyuta ya mezani. Naitumia kidogo asubuhi, halafu jioni mpaka usiku, na kila nikiinuka naizima. Kuna jamaa kazini kanishikia bango kwamba naiua kwa mikono yangu, eti kinachomaliza kompyuta ni kuwashwa na kuzimwa. Yake haijazimwa tangu ainunue, anazima skrini basi. Mimi naona anachoma umeme bure. Tumebishana hadi tumechokana. Nipeni sababu, siyo "mimi nafanya hivi miaka yote na haijafa".

#2 Nyenyere
Umekuja kuomba sababu kwenye jukwaa hili? Haya, nimeshavuta kiti.

#3 FundiNyaya
Jamaa yako yuko sahihi, na sababu ni joto. Shida haiko kwenye joto lenyewe, iko kwenye kupanda na kushuka kwake. Ndani ya boksi kuna silikoni, shaba, plastiki na lehemu, na kila kimoja kinatanuka kwa kiasi chake. Ukiwasha, vyote vinatanuka bila kulingana, ukizima, vinasinyaa. Vinavyoumia ni vile vya katikati, yaani vitone vya lehemu chini ya chipu. Vikivutwa huku na kule muda mrefu vinapata nyufa ambazo huzioni kwa macho. Na tangu Ulaya ilipopiga marufuku madini ya risasi kwenye lehemu ya vifaa vya kielektroniki mwaka 2006, lehemu inayotumika ni ngumu zaidi, hainyumbuki kama ile ya zamani.

Mashine zinazoletwa mezani kwangu hadithi yake ni moja: "Jana niliizima vizuri, leo haiwaki." Ni nadra kuletewa iliyokata roho mtu akiwa katikati ya kuandika barua.

#4 Wati_Moja
Sawa fundi, ila umeruka hesabu. Kompyuta ya mezani ya kawaida, ikiwa imewaka tu haifanyi kitu, inakula kama wati 60. Yenye kadi kubwa ya grafiki inapita hapo. Wati 60 mara saa 24 mara siku 365 ni yuniti 525 na kitu kwa mwaka. Anayeitumia saa 5 kwa siku kisha akazima anatumia yuniti 110 hivi. Tofauti inapita yuniti 400, kila mwaka, kwa kazi ya kuonyesha picha ya mandhari kwenye skrini ambayo nayo imezimwa.

Kalamu7, mwambie jamaa azidishe kwa bei anayolipia umeme halafu aje na hoja ya vitone vya lehemu.

#5 Mama_Pacha
Jamani, mnazungumza kama kuna kuwasha na kuzima tu. Kulala je? Yangu naiacha inalala yenyewe baada ya robo saa. Wanangu wakiigusa inaamka palepale, kazi zao ziko vilevile. Huko kulala kunakula kiasi gani?

#6 Wati_Moja
@Mama_Pacha kidogo sana, dada. Ikilala, karibu kila kitu kinakatiwa umeme, inabaki RAM, ile kumbukumbu ya muda, ili isisahau. Kwa kompyuta ya mezani ni wati 1 hadi 3 au zaidi kidogo. Tuseme 2, kwa saa 19 ambazo huitumii: mwaka mzima ni yuniti 14. Linganisha na zile 400.

Na kwa faida ya wengine: hata ukiizima kabisa, ilimradi haijachomolewa, pawasaplai (boksi linaloipa kompyuta umeme) inaendelea kutoa volti 5 za kusubiri ubonyeze swichi. Ndiyo maana kitaa cha madabodi (bodi kuu) kinabaki kinawaka. Ulaya imeweka ukomo wa nusu wati kwa vifaa vingi vya nyumbani vikiwa vimezimwa, tangu 2013.

#7 Chuma_Chakavu
Narudi kwa fundi wa #3. Hoja yako ya "jana nilizima, leo haiwaki" inavutia lakini haithibitishi kitu. Kapasita iliyochoka (kile kikopo kidogo kinachotunza umeme kwenye saketi) inaweza kuendelea kufanya kazi ikiwa ya moto, kwa sababu maji yake ya ndani yakipata joto yanapitisha umeme vizuri zaidi. Ukizima ikapoa, asubuhi inashindwa. Kwa hiyo kuwasha hakukuiua, kulifichua tu maiti iliyokuwa inatembea. Kilichoiua ni saa za kuwaka.

Na saa hizo zina hesabu. Kapasita nyingi zimeandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishusha nyuzi 10, umri unakuwa mara mbili. Kwa nyuzi 75, hiyo ni saa 16,000. Mwaka una saa 8,760. Ukiwasha mfululizo, hujamaliza hata miaka miwili.

#8 FundiNyaya
@Chuma_Chakavu kwa nini umechagua 75? Weka 45, ambayo ndiyo hali ya boksi linalopumua vizuri. Inakuja saa 128,000, zaidi ya miaka 14. Nani hapa ana kompyuta ya miaka 14?

#9 Mzee_Kijiti
Mimi ninayo.

#10 Chuma_Chakavu
@FundiNyaya 45 utaipata kwenye ukingo wa madabodi. Ndani ya pawasaplai yenye vumbi, jirani na sehemu inayotoa joto, nenda kapime halafu uniambie. Na pawasaplai ndiyo inayotangulia kufa, hilo unalijua kuliko mimi.

@Mzee_Kijiti shikamoo mzee wangu. Inawaka muda wote au unaizima?

#11 Mzee_Kijiti
Marahaba. Huizima, lakini hilo nitalisema baadaye. Vijana, imani anayoitetea fundi ni kongwe kuliko ninyi nyote na ilikuwa na ukweli wake. ENIAC, iliyozinduliwa pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1946, ilikuwa na vali za utupu karibu 18,000, mirija ya kioo inayopata moto kama taa, na ilikula kilowati 150 hivi. Wahandisi wake waligundua kwamba vali nyingi zinakufa wakati wa kupata moto na wakati wa kupoa. Dawa ikawa kutoizima. Baadaye walifika mahali vali moja ilikuwa inakufa kila baada ya siku mbili hivi, na wao walihesabu hiyo kuwa neema. Ilizimwa moja kwa moja tarehe 2 Oktoba 1955.

Kwa hiyo "usizime kompyuta" ni ushauri mzuri sana, kama kompyuta yako ina vali.

#12 Popo_wa_Usiku
Aisee mzee kaua. Lakini mbona taa inasema hivyohivyo? Taa ya uzi huungua ukiibonyeza, haiungui ikiwa inawaka. Na kuna ile taa ya Livermore, California, inawaka tangu 1901 haijawahi kuzimwa hata mara moja. Halafu kuwasha kompyuta kunakula umeme kuliko kuiacha usiku kucha. Mnapoteza muda na mahesabu yenu.

#13 Kinyonga
@Popo_wa_Usiku umeweka makosa matatu kwenye aya moja, pongezi.

Taa ya Livermore imezimwa mara kadhaa. Mwaka 1976 ilihamishiwa kituo kingine cha zimamoto, ikazimika kwa dakika zisizozidi nusu saa. Mwaka 2013 ikazimika saa kadhaa, watu wakadhani imeungua, kumbe UPS (boksi la betri la akiba umeme ukikatika) iliyokuwa inailinda ndiyo iliyokufa. Pili, inawaka kwa mwanga hafifu wa kama wati 4. Siri yake ni kwamba haina moto; wewe endesha kompyuta yako kwa nguvu kidogo hivyo uone kama itakufa. Tatu, uzi wa taa unakonda taratibu kila dakika inapowaka. Ukibonyeza swichi unakatika pale ulipokwisha konda. Hiyo ni hoja ya #7 neno kwa neno.

#14 Wati_Moja
Na la nne: kuwasha. Tuseme inachukua dakika moja kwa wati 120. Hiyo ni wati-saa 2. Kompyuta iliyokaa bure kwa wati 60 inamaliza wati-saa 2 kwa dakika mbili. Ule mshtuko wa umeme unaoingia ukibonyeza swichi ni mkubwa kweli, lakini ni wa sehemu ndogo sana ya sekunde, mita yako haiusikii.

Wizara ya Nishati ya Marekani ilishatoa mwongozo zamani: zima skrini ukiondoka zaidi ya dakika 20, zima na kompyuta ukiondoka zaidi ya saa mbili.

#15 Popo_wa_Usiku
Mimi nilisema nasikia.

#16 Nyenyere
Hukusema unasikia. #12 iko hapo juu, imetulia.

#17 Popo_wa_Usiku
Nyenyere wewe hujachangia kitu tangu uzi uanze.

#18 Nyenyere
Mimi ni katibu wa kikao.

#19 Swichi
Wazee, kabla hamjaendelea, wangapi hapa mnatumia Windows na mnaamini mnaizima? Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, programu zako zinafungwa lakini kiini cha mfumo hakifungwi. Kinaandikwa kwenye diski, na ukiwasha kinarudishwa kama kilivyokuwa. Ndiyo maana inawaka haraka. Ukitaka ianze upya kwelikweli lazima uchague kuwasha upya, siyo kuzima. Watu wengi wanadhani ni kinyume.

Jaribio: zima, washa, kisha fungua Task Manager, sehemu ya CPU, usome muda ambao mfumo unadai umekuwa hewani.

#20 Kalamu7
Nimefanya alivyosema Swichi. Mfumo unadai uko hewani kwa wiki kadhaa, na jana usiku nimeuzima! Kwa hiyo mimi na jamaa wa kazini tunafanya kitu kimoja?

#21 Swichi
Hapana mkuu. Umeme unakatika, feni zinasimama, chipu zinapoa. Kwa upande wa vifaa umezima. Kwa upande wa mfumo hujazima. Uchafu wa dereva (programu inayoendesha kifaa) iliyoharibika wiki iliyopita unarudi nao asubuhi.

#22 FundiNyaya
Yaani Kalamu anapata kupanda na kushuka kwa joto kama anayezima, na mfumo uliochoka kama asiyezima. Hongera.

#23 Kinyonga
Swichi kaingia kwenye sehemu ninayoipenda. Vifaa vinaweza kukesha. Programu ndiyo zinazozeeka. Windows 95 na 98 zilikuwa na hitilafu: zilihesabu milisekunde tangu kuwashwa kwenye namba ya biti 32. Namba hiyo inajaa baada ya siku 49.7, na mashine inaweza kuganda. Haikujulikana mapema kwa sababu ni nani aliyewahi kufikisha siku 49 na Windows 95 bila kuanguka kwa sababu nyingine?

Linux za zamani nazo kaunta yao ilirudi sifuri baada ya siku 497. Mashine haikufa, ila waliokuwa wanajisifia muda wa kukaa hewani waliamka wakakuta wana siku moja.

#24 MlinziWaLango
@Kinyonga ongeza Boeing 787. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege hizo zizimwe umeme mara kwa mara, kwa sababu vidhibiti vya jenereta vikikaa siku 248 mfululizo vingeweza kujizima vyote kwa pamoja. Kaunta ileile ya kujaa.

Na la kusikitisha ni mtambo wa Patriot wa kudungua makombora huko Dhahran, Saudi Arabia, Februari 1991. Ulikuwa umewashwa kama saa 100 bila kuanzishwa upya, saa yake ya ndani ikawa imepotoka theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud lilipita, wakafa wanajeshi 28 wa Marekani.

#25 Mama_Pacha
Innalillahi. Kalamu aliuliza kuhusu kompyuta ya sebuleni, nyie mmefika kwenye makombora.

#26 Popo_wa_Usiku
Basi mimi naleta Voyager. Zimerushwa 1977, kompyuta zake zinafanya kazi mpaka leo huko nje ya sayari zote, hakuna wa kwenda kubonyeza swichi. Hapo mnasemaje? Safari hii nimehakikisha.

#27 Wati_Moja
Safari hii uko sawa. Ila hao NASA wenyewe, kwa kuwa umeme wa chombo unapungua kila mwaka, wamekuwa wakizima kifaa kimoja baada ya kingine kubana matumizi. Hata Voyager kuna mtu anapita anazima taa.

#28 Nyenyere
😂😂 Katibu ameandika.

#29 MlinziWaLango
Nirudi nyumbani. Hakuna aliyegusa usalama. Kompyuta iliyozimwa haishambuliwi kupitia mtandao, imeisha hiyo. Iliyowashwa usiku kucha ni mlango ambao hakuna anayeutazama. Lakini msizimaji naye ana lake: masasisho mengi hayakamiliki mpaka mashine iwashwe upya. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, ilipolipuka Ijumaa tarehe 12 Mei 2017, dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi. Swali langu kwa wakeshaji siyo kama mnazima. Ni lini mara ya mwisho mlibonyeza kuwasha upya badala ya "nikumbushe kesho"?

Na kwa wanaolaza laptopu zenye diski iliyofungwa kwa nywila: ikiwa imelala, ufunguo wa diski uko kwenye RAM. Watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba RAM haisahau papohapo ikikatiwa umeme, na ukiipoza inakumbuka muda mrefu zaidi, kiasi cha kuweza kuuchota ufunguo huo. Ukisafiri nayo, izime.

#30 Kinyonga
Nani atakuja na kopo la barafu kuiba picha za harusi ya Mama_Pacha?

#31 Mama_Pacha
Niache na harusi yangu.

#32 Chuma_Chakavu
Diski. Hili wanaotetea kukesha wanalitumia sana: eti diski za kuzunguka huchoka kwa kuanza na kusimama, kwa hiyo ziache zizunguke. Kuna ukweli, lakini angalieni upande wa pili. Diski nyingi zimepewa ukomo wa kupumzisha kichwa chake kinachosoma data, mara 300,000 au 600,000. Baadhi, ili kubana umeme, hupumzisha kichwa kila zikikosa kazi kwa sekunde chache. Chukulia ni kila nusu dakika. Kompyuta inayokesha bila kazi inafikisha mara 2,880 kwa siku. Ukomo wa 300,000 unaumaliza kwa siku 104. Aliyezima usiku hata hajafika nusu. Kukesha siyo sawa na kutulia.

#33 FundiNyaya
Hapo unazungumzia mpangilio mbovu, na unabadilishwa kwa dakika mbili. Mwaka 2007 Google walitoa utafiti wao juu ya diski zaidi ya 100,000. Joto, ambalo kila mtu alikuwa analiogopa, halikuwa na uhusiano mkubwa na kufa kwa diski kama tulivyodhani. Hizo zilikuwa zinakesha, bwana.

#34 Chuma_Chakavu
Zilikuwa kwenye chumba chenye upepo wa kupimwa, siyo chini ya meza karibu na kapeti. Na utafiti ule haukulinganisha wanaozima na wasiozima. Usiuvishe nguo isiyo yake.

#35 Swichi
Na wenye SSD, diski zisizo na kitu cha kuzunguka, mnahusika vipi na kichwa cha diski? Hamhusiki. Kwenu hofu ni kuandika. Ukitumia haibaneti, yaani kuzima huku kazi zako zikihifadhiwa, yale yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski kila mara. Tuseme GB 6, mara mbili kwa siku. Mwaka ni TB 4 na kitu. SSD ya TB 1 ya daraja la kawaida hupewa dhamana ya kuandikwa TB 600 hivi. Utakufa wewe kabla yake.

#36 Popo_wa_Usiku
Swichi taratibu, kuna wazee humu.

#37 Mzee_Kijiti
Nimesikia. SSD yangu nitakuandikia kwenye wosia.

Niliahidi kusema kwa nini huizima. Kelele. Kompyuta iko chumba ninacholala, na feni yake ina mlio mwembamba ambao mchana husikii na usiku husikii kitu kingine. Fundi anaweza kunieleza habari za lehemu mpaka asubuhi, sitalala na feni. Niliweka hata utepe mweusi juu ya vile vitaa vya buluu kabla sijaamua kuizima kabisa.

#38 Mama_Pacha
Mzee, vitaa vya buluu! Nani aliamua viwe vikali kiasi kile?

#39 FundiNyaya
Kuhusu feni, hapo sina ubishi: feni inahesabiwa saa zake za kuzunguka. Mafuta ya mhimili yanakauka, inaanza kupiga kelele, mwisho inasimama. Ikisimama usiku na hakuna mtu, prosesa itajipunguza kasi na mwisho kujizima yenyewe. Pawasaplai ya bei ya chini haina busara hiyo.

Na vumbi. Feni inayokesha inavuta hewa ya chumba saa 24. Halafu mende. Wanapenda joto na giza, na hakuna kitu chenye joto na giza kuliko kompyuta isiyozimwa. Nimewakuta kwenye pawasaplai, wamekaa na familia zao. Mmoja akigusa sehemu mbili zisizofaa, ni mlio mmoja na harufu.

#40 Kalamu7
Fundi, mbona sasa unaniunga mkono mimi?

#41 FundiNyaya
Sikuungi. Nasema usafishe.

#42 Kiwavi_Kijani
Mimi ni mgeni kwenye uzi. Nimekuwa nikiiacha inawaka kwa ajili ya sayansi. Zamani SETI@home ya kutafuta ishara za viumbe wa anga za mbali, wao waliacha kugawa kazi Machi 2020, siku hizi Folding@home. Mashine ikiwa haina kazi inakokotoa namna protini zinavyojikunja. Umeme wangu hauendi bure.

#43 Wati_Moja
@Kiwavi_Kijani karibu. Nia nzuri, ila elewa kwamba hapo kompyuta siyo ya wati 60 tena. Prosesa na kadi ya grafiki zikifanya kazi kwa nguvu zote ni wati 300 na zaidi. Huo ni mchango wa fedha, uhesabu kama mchango. Na kumbuka umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unatoka kama joto. Kama chumba chako ni cha baridi, umepata hita. Kama ni cha joto, unalipia mara ya pili kulitoa.

#44 Kiwavi_Kijani
Asante, nimeelewa. Chumba ni cha joto 😅

#45 Swichi
Wengi wanaoiacha kompyuta inakesha ukiwauliza wanataka nini watakwambia: mafaili yapatikane wakiwa nje, nakala za akiba zijifanye usiku, filamu zionekane kwenye televisheni. Hizo ni kazi za kikompyuta kidogo kama Raspberry Pi. Kinakula wati 4 hivi, mwaka ni yuniti 35. Ile kubwa ilale, na ukiihitaji ukiwa mbali unaitumia ujumbe wa kuiamsha kupitia mtandao, kadi yake ya mtandao inabaki macho ikisubiri.

#46 Chuma_Chakavu
Kwa wenye laptopu: suala lenu ni lingine kabisa, ni betri. Laptopu inayokaa kwenye chaja saa 24 betri ikiwa asilimia 100, juu ya joto la prosesa, inaila betri taratibu. Lithiamu haipendi kujaa na joto kwa wakati mmoja. Nyingi siku hizi zina sehemu ya kuzuia chaji isipite 80. Iwasheni.

Na laptopu mpya nyingi hazina ule usingizi wa zamani wa kukata karibu kila kitu. Zinalala kama simu, zikiamkaamka kuangalia barua. Ukiitia kwenye begi ikiwa "imelala" unaweza kuikuta ya moto. Kwa begi tumia haibaneti.

#47 Popo_wa_Usiku
Umeme ukikatika ghafla je? Nani anaumia, aliyewasha au aliyezima? Hili sijui kweli, nauliza.

#48 MlinziWaLango
Aliyewasha, kwa upande wa data. Mifumo ya mafaili ya siku hizi inatunza daftari la mabadiliko kwa hiyo haiharibiki ovyo kama zamani, lakini kile kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda. Kwa upande wa radi na umeme unaorudi kwa kishindo, wote wawili wanaumia ilimradi waya uko ukutani. Kuzima hakulindi kitu hapo, chomoa. Na waya wa mtandao pia, radi huingia kwa rauta.

UPS inasaidia, ila betri yake ya risasi ni ya miaka 3 hadi 5. Wengi wana boksi zito chini ya meza lisilo na betri na hawajui. Waulizeni wale wa taa ya Livermore.

#49 Kalamu7
Nimempelekea jamaa hesabu ya #4. Kasema amesoma #3 na inamtosha. Nimempa na #11, akasema kompyuta yake haina vali lakini "kanuni ni ileile". Nimekata tamaa na yeye. Kwangu nimeamua ilale mchana, usiku naizima, na siku ya masasisho naiwasha upya kama alivyosema Swichi.

#50 FundiNyaya
Kwa hiyo utaipasha na kuipoza mara mbili kwa siku. Namba yangu unayo.

#51 Chuma_Chakavu
Mashine inayotoka nyuzi 25 kwenda 45 siyo chombo cha anga kinachotoka kivulini kuingia juani. Michezo yenyewe inapandisha prosesa kutoka 40 hadi 80 na kuishusha mara nyingi kwa saa moja, na hakuna anayesema tusicheze.

#52 FundiNyaya
Nani kasema hakuna? Kadi za grafiki ninazoletewa zimetoka kwa nani?

#53 Mama_Pacha
Mkimaliza kugombana nina swali. Nimesema yangu inalala yenyewe. Sasa siku hizi usiku wa manane inaamka peke yake, skrini inawaka, mtoto mmoja anasema kuna mzimu. Ni nini?

#54 Swichi
@Mama_Pacha ikishaamka, fungua dirisha la amri uandike powercfg /lastwake, itakwambia ni nani aliyeiamsha. Mara nyingi ni kipanya kimetikisika, kadi ya mtandao, au kazi iliyopangwa ya masasisho.

#55 Mama_Pacha
Imesema kadi ya mtandao. Nimeizuia isiweze kuamsha, na usiku wa jana imelala mpaka asubuhi. Asante sana kaka. Ila sasa printa ndiyo imejiwasha saa nane usiku na kutoa karatasi tupu.

#56 FundiNyaya
Printa sigusi.